Mshonee sare: namna ninavyomsimamisha mlinzi wa mtama asiyelala

Mwaka wangu wa kwanza kulima mtama Hombolo nilisimamisha sanamu ya kutishia ndege, maridadi kuliko baadhi ya wateja wangu. Ilivaa koti, tai na kofia ya pama. Niliisimamisha Januari, mbegu ndiyo kwanza zinachomoza. Aprili masuke yalipoanza kujaa maziwa, kwelea kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, wakaja, wakatua mabegani kupumzika, wakashuka kula, wakarudi juu ya kofia kujisaidia. Mtoto wa kaka yangu alikuja mbio kunipa taarifa: "Shangazi, wamemgeuza kituo cha daladala!"

Tangu hapo nimesimamisha sanamu misimu kumi na moja. Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu jirani na soko la Majengo, Dodoma mjini, na shamba la ekari tatu nililoachiwa na bibi. Kwa hiyo haya ni maelekezo ya fundi nguo aliyefundishwa na ndege, siyo ya mtaalamu wa kilimo. Neno moja nikuambie mapema, maana ndilo litakalokuokolea mtama: sanamu ni uongo, na uongo hausimami peke yake. Lazima nyuma yake pawe na mtu wa kweli, hata kama ni kwa saa chache tu kwa siku. Mengine yote nitakayokueleza, kuanzia mti hadi kifungo cha shati, yanalitumikia neno hilo.

Tena nitamwita "yeye". Ukishamshonea mtu shati huwezi kumwita "hiyo". Majirani wamempa jina la Bwana Shamba, kwa sababu anasimama shambani kutwa nzima na mikono yake haichafuki.

Kabla yake tulikuwepo sisi

Bibi hakuwahi kusimamisha sanamu. Hakuwa na haja, alikuwa na wajukuu. Msimu wa kuwinga ndege (vitabuni utakuta wanasema kuamia) tuliamshwa nyota zikiwa bado angani. Katikati ya shamba palikuwa na dungu, jukwaa la miti lililopita kimo cha mtu mzima, na kila mmoja wetu alikuwa na kombeo na rundo la vidonge vya udongo mkavu. Mawe yalikatazwa: jiwe huvunja suke, na likiokotwa pamoja na mavuno huja kuvunja jino. Tulipiga makelele, tulipiga madebe, tuliimba mpaka koo zikakauka. Ukisinzia bibi alijua bila kukuona, kwa sababu alikuwa anasikiliza ukimya.

Mgeni angemwona mkali kupita kiasi. Lakini mama yake bibi aliponea Mtunya, njaa kuu iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimepita hapa. Majeshi, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu, halafu mvua nazo zikagoma. Mtu aliyelelewa na mwanamke wa Mtunya hawezi kumtazama ndege akidonoa suke akasema "kidogo tu". Na kweli siyo kidogo. Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 15 hadi 20, na kwa siku anakula kama gramu 10 za punje. Wakija milioni moja, na huja, hizo ni tani 10 kwa siku moja.

Kisha shule ikaja kutuchukua. Elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa 1977 mimi nilikuwa mdogo, nikaanza mwaka uliofuata, na nakumbuka mwalimu akija hadi chini ya dungu kutuita majina. Bibi alimjibu kwa heshima zote, akamkaribisha togwa, kisha akatuficha wawili. Siku hizi mambo hayo yamekwisha. Mwaka 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne, na mtoto wa kaka yangu yuko darasani Jumatatu hadi Ijumaa kama inavyotakiwa. Uingereza walikuwa na watoto kama sisi, waliotembea mashambani na vibao vya kugonganisha wakifukuza kunguru kwa senti chache, mpaka sheria ya 1880 ilipolazimisha watoto wa miaka 5 hadi 10 kwenda shule. Kila mahali swali ni lile lile: mtoto akiondoka, nani atabaki na ndege? Kibarua wa kuwinga ana gharama, na kwelea kwelea hawana Jumapili.

Lini umsimamishe

Hapa ndipo wengi huharibu, nami nikiwa wa kwanza. Ndege siyo mjinga. Kitu kikisimama pale pale, kwa namna ile ile, bila kumdhuru, baada ya siku chache anakizoea, na baada ya wiki mbili ni samani. Sanamu ina siku zake za kuogopwa, na hizo siku ni mtaji; usizitumie kabla ya wakati.

Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Shamba lina vipindi viwili tu vya hatari. Cha kwanza ni wiki mbili baada ya kupanda, ambapo kunguru na kanga hufukua mbegu na kung'oa miche michanga, hasa karanga na mahindi. Cha pili ni tangu punje inapojaa maziwa hadi inapokuwa ngumu, wiki tatu hadi nne. Katikati ya vipindi hivyo mpeleke Bwana Shamba nyumbani akapumzike stoo.

Kujua siku ya kumrudisha ni rahisi. Chuma punje, ibinye kwa ukucha. Ikitoa maji matupu, bado. Ikitoa maziwa meupe, msimamishe usiku huo huo. Nasema usiku kwa makusudi. Ukimleta mchana umembeba begani kama gunia la mkaa, ndege juu ya mgunga wanakutazama, na hawatamheshimu tena.

Mti na mikono

Mti mmoja wa mwarobaini ulionyooka, urefu wa mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Mwarobaini kwetu upo kila kona na mchwa hawaukimbilii sana. Hata hivyo sehemu ya chini ipake oili chafu kutoka gereji. Mikono ni fito moja ya mita moja na nusu. Usigongee msumari. Funga kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uzungushe mara nne au tano kama unavyofunga mzigo kwenye keria, ili mikono iweze kucheza upepo ukipita. Ukigongea msumari unapata msalaba, na msalaba hautikisiki.

Sasa siri ninayojivunia. Simchimbii shimo la kudumu. Nimefukia vipande vya bomba nene la plastiki, urefu wa mkono mmoja, sehemu mbalimbali shambani, mdomo ukiwa sawa na ardhi. Mti wake unachomekwa kwenye bomba na kuchomolewa, kazi ya dakika mbili hata kwa mtoto. Na kwa kuwa mti ni mwembamba kuliko bomba, upepo wa jioni unamzungusha. Anageuza uso. Ndege aliyekuwa nyuma yake ghafla anajikuta anatazamwa.

Kimo kinategemea mbegu. Mtama mfupi mweupe kama Macia haufiki mita mbili, kwa hiyo mti wa mita mbili na nusu unamwinua vya kutosha. Mtama wa asili wa bibi ulinimeza mzima mzima. Ungehitaji sanamu ya kimo cha twiga. Kichwa na mabega yake lazima yaonekane juu ya masuke, la sivyo umemficha mlinzi.

Nguo

Mnisamehe, hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Watu wengi humjaza mabua na majani hadi anatuna kama mheshimiwa. Makosa matatu kwa mpigo: mabua yanaleta panya, yanaleta mchwa, na mvua ya mwisho ya Aprili ikimnyea anakuwa mzito, halafu anakaa kimya. Mwache mtupu. Shati likiwa tupu upepo unaingia, linajaa, linanywea, linajaa tena. Kwa mbali ni kifua kinachopumua.

Chagua kitambaa chepesi cha polista. Pamba inalowa, inakunjamana na kuganda. Rangi ipingane na shamba. Mtama ukikaribia kuiva kila kitu ni kahawia, kwa hiyo shati la kaki ni hasara. Mimi natumia nyekundu, nyeupe na buluu iliyokolea. Mgongoni nachana mistari miwili mirefu, kila mmoja kama shibiri tatu, napinda kingo zake kwa cherehani ili usiendelee kuchanika. Mikono naiacha izidi fito kwa shibiri moja, kisha ile iliyozidi naikata vipande vyembamba kama vidole. Hivyo vidole ndivyo vinavyofanya kazi kubwa, vinacheza hata upepo ukiwa mdogo. Suruali ya nini? Miguu inafichwa na mtama. Suruali nzuri ya mtumba mpe mtu mwenye miguu.

Zamani tulimfunga mifuko ya rambo mikononi, ikipiga kelele kama mvua ya mawe. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na sijutii, maana mbuzi waliila. Badala yake natumia vipande vya viroba vya sandarusi au utepe wa kaseti za zamani. Utepe wa kaseti uuvute kutoka mti hadi mti, uusokote kidogo kabla ya kufunga. Upepo ukiugusa unavuma kwa sauti inayokera masikio na unametameta juani. Ukimaliza msimu uukusanye wote, mpaka kipande cha mwisho.

Nguo za nani, hilo nalo lina uzito wake. Msimu wa pili nilimvalisha koti la marehemu baba mdogo. Mimi niliona koti zuri linaliwa na nondo. Shangazi yangu alipita njia ya shamba jua likizama, akaliona koti limesimama katikati ya mtama, limempa mgongo, linageuka polepole. Kelele alizopiga ziliwatoa watu hadi mtaa wa pili. Kikao cha ukoo kiliitwa wiki hiyo hiyo, na mimi nikatozwa jogoo. Nililipa bila kubisha. Nguo iliyovaliwa na mtu inabeba mtu, na mimi, fundi, ningepaswa kulijua hilo kuliko wote. Tangu siku hiyo nanunua mtumba. Aliyeuvaa yuko Ulaya huko na hatakutana na shangazi.

Wajapani nao wana kisa kama hicho, ila wao walikipokea kwa namna nyingine. Kuna kijiji cha milimani kwenye kisiwa cha Shikoku kinaitwa Nagoro. Mama mmoja, Tsukimi Ayano, alirudi kijijini kwao akalima bustani, ndege wakamsumbua, akatengeneza sanamu yenye sura ya baba yake. Majirani wakawa wakipita wanaisalimia. Akaendelea kutengeneza, safari hii wale waliokufa na waliohama, akawakalisha vituoni, mashambani, hadi ndani ya shule iliyofungwa kwa kukosa wanafunzi, na sasa sanamu za kijiji hicho zinawazidi wakazi mara nyingi. Yeye angekuja kwetu angetozwa zizi zima la majogoo.

Ila kusalimiwa hata wangu amesalimiwa. Mzee mmoja wa jirani, macho yake siyo mazuri, alipita jioni akatoa "mbukwenyi" ya heshima. Kimya. Akarudia. Kimya. Kesho yake alikuja kwangu kulalamika kwamba nimeajiri kibarua asiye na adabu. Sikumwambia ukweli mara moja. Nilimwomba radhi kwa niaba ya kibarua.

Kichwa

Dumu la njano la mafuta ya kula la lita tano linatosha, lakini mimi napenda kibuyu. Kibuyu ni chepesi na hakipasuki kwa jua. Usikichomeke kwenye mti. Kitoboe juu, pitisha kamba, ukining'inize kwenye kijiti kilichopinda mbele ya shingo, ili kitikisike kama mtu anayekataa jambo. Macho yawe makubwa, mawili, ya duara, meupe yenye kiini cheusi; ndege wengi hushtushwa na jozi ya macho makubwa. Mimi nabandika sidii mbili kuukuu na kuchora kiini kwa masizi. Mdomo na pua ni vya kumfurahisha mwenye shamba, ndege havimhusu.

Juu ya kichwa weka kitu kinachopepea: tete, ukindu, manyoya ya jogoo. Ujanja huu ni wa kale mno. Warumi walikuwa na mungu wa bustani aliyeitwa Priapus, waliyemrithi kwa Wagiriki. Walimchonga kwa mti, wakampaka rangi nyekundu, wakampa mundu mkononi na kiungo kimoja ambacho kwa heshima yenu sitakitaja, ila kilikuwa kikubwa na kilikusudiwa kuwatisha wezi. Mshairi wao Horatius, miaka thelathini na kitu kabla ya Kristo, alimpa mungu huyo nafasi ya kujieleza mwenyewe: anasema alikuwa gogo la mtini lisilo na kazi, fundi akasita amfanye kigoda au mungu. Halafu anaeleza kazi zake. Mkono na kile kiungo vinawazuia wezi, lakini ndege, anasema, wanaogopa tete lililochomekwa kichwani. Mungu mzima, na kilichowafukuza ndege ni tete! Mpaka leo nikiwa na dakika tano tu za kumwandaa Bwana Shamba, naacha macho, naacha kofia, lakini manyoya ya jogoo siachi.

Sare

Hapa ndipo penyewe. Mengine yote unaweza kuyakosea kidogo, hili usilikosee.

Nashona mashati mawili kutoka jora moja. Rangi moja, mikato ile ile, vidole vile vile mikononi. Moja la Bwana Shamba, la pili la mtu anayekwenda kuwinga. Kofia nazo ni mbili zinazofanana. Ni kama sare za harusi, ukimwona mmoja hujui ni shangazi wa bwana harusi au wa bibi harusi.

Kwelea kwelea hula kwa zamu mbili: tangu kunapopambazuka hadi kama saa nne asubuhi, kisha saa tisa alasiri hadi jua kuzama. Jua kali la mchana hukaa vivulini na kwenye maji. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo, alfajiri, kibarua wangu anavaa shati na kofia ya sare, anachomoa sanamu, anasimama kwenye bomba lile lile, amenyoosha mikono. Kundi likishuka anaanza kazi: kombeo, makelele, mbio. Ndege wanajifunza kwamba kile chekundu chenye manyoya kichwani wakati mwingine hulipuka. Saa nne ikifika anarudisha sanamu mahali pake na kwenda kwenye shughuli nyingine. Sasa ndege wakirudi hawajui ni yupi. Baada ya siku hizo tatu anafanya hivyo siku moja moja, bila mpangilio. Jumamosi zamu ni ya mtoto wa kaka yangu, ambaye huifanya kazi hii kwa furaha niliyoanza kuitilia shaka.

Msimu wa kwanza nilipotumia sare, ndege hawakuisha. Lakini walikula pembezoni, kwa haraka, wakiwa na wasiwasi, na kundi lenye wasiwasi hula kidogo na huhamia kwa jirani. Samahani, jirani. Nilimshonea na yeye.

Mhamishe

Katika Kojiki, kitabu cha Wajapani kilichoandikwa mwaka 712, yumo mungu aitwaye Kuebiko, sanamu ya shambani. Habari zake zinasema hawezi kutembea, lakini anajua kila kitu kilicho chini ya mbingu. Namwelewa, anayesimama sehemu moja usiku na mchana anaona mengi. Ila kwa mtama wangu simtaki mwenye hekima, namtaka mwenye miguu. Kila siku ya pili, giza likiingia, Bwana Shamba anahama bomba. Kila wiki anabadili shati (na mwenzake anabadili pia, usisahau). Ekari moja naipa sanamu tatu, lakini hazisimami zote kwa pamoja: leo mbili, kesho moja, keshokutwa tatu.

Unganisha na kamba. Kutoka kwenye kivuli anapokaa mwingaji vuta kamba ya katani hadi kwa kila sanamu, ning'iniza makopo ya nyanya yenye kokoto. Mtu mmoja akivuta akiwa amekaa, shamba zima linalia na sanamu zinatikisika. Hii ya kamba ni ya bibi. Alikuwa anaivuta kwa kidole cha mguu huku anapeta.

Watakaouliza kama umezindika

Jiandae kwa maswali. Mtu mwenye macho ya sidii na manyoya kichwani, anayegeuka peke yake jioni, watu hawatamchukulia kuwa ni wa ndege tu. Kwetu shamba likikingwa kwa dawa tunasema limezindikwa, na mwizi anayeamini hayo hagusi hata njugu mawe moja. India wakulima huweka chungu kilichochorwa uso juu ya mti shambani, na kazi yake inakwenda mbali kuliko ndege: kinapokea kijicho cha wapita njia ili kisilifikie zao. Mimi sijazindika chochote, nasali kanisani kila Jumapili. Lakini kijana mmoja aliponiuliza, "Mama, huyu ni wa ndege tu kweli?" nilikohoa kidogo, nikabadilisha mazungumzo. Karanga zangu zilizokuwa zikipungua kila usiku hazikupungua tena msimu ule.

Biblia nayo imemtaja, lakini kwa dharau. Katika tafsiri kadhaa za Yeremia 10:5, miungu ya kuchongwa inafananishwa na sanamu ya kutishia ndege katika shamba la matango: haisemi, lazima ibebwe kwa sababu haiwezi kutembea. Mchungaji wetu alipolihubiri hilo nilijisikia kama ananitazama mimi. Hata hivyo nabii na mimi tunakubaliana: asiyebebwa hana kazi.

Wakija kama wingu

Kuna siku ambayo hakuna shati litakalokusaidia. Ukiona kundi linageuka angani kama moshi, linafunika jua, na miti ya migunga inainama kwa uzito wao jioni, acha cherehani. Nenda kwa afisa ugani au ofisi ya kijiji ueleze ni wapi wanalala, kwa sababu wanyunyizaji wa dawa huwafuata ndege kwenye malalo yao, siyo shambani kwako. Sehemu waliponyunyiza dawa usiokote ndege wa kula, hata wakiwa wanono namna gani. Sumu iliyowaua imo mwilini mwao. Usijitengenezee sumu yako pia. Kondoa, Warangi wanawatega kwa mitego ya kusuka kwa nyasi, wanawauza wakiwa wamekaangwa, na hao ndio nakushauri ule. Kwa chumvi na ndimu.

Na kama ndege wanakutesa kila mwaka, fikiria mbegu. Mtama mwekundu wenye ukakasi ndege huuonja na kuuacha wakipata mwingine, mweupe mtamu huukimbilia. Bibi alipanda mwekundu mistari ya nje na mweupe katikati. Kwa zabibu hadithi ni nyingine kabisa: nunua nyavu, ufunike.

Kumteremsha

Suke la mwisho likishakatwa mchomoe siku hiyo hiyo. Akibaki shambani hadi Septemba ndege wa msimu ujao wataanza kumzoea kabla hujapanda, na ng'ombe watakaoachiwa kula mabua watamkanyaga. Katika sehemu za Nagano, Japani, mavuno yakiisha sanamu ilikuwa inaletwa nyumbani na kuandaliwa mikate ya mchele kwa shukrani, ndipo inaruhusiwa kupumzika. Mimi sijafika huko, ingawa mtoto wa kaka yangu aliwahi kumwekea kipande cha muwa mlangoni mwa stoo. Kibuyu nakipangusa, sidii nazifungia kwenye gazeti, mti nausimamisha mbali na ukuta ili mchwa wasiupande. Mabomba nayaziba kwa matambara, nyoka wasifanye nyumba.

Mashati yote mawili nayafua na kuyaanika uani Majengo, moja likiwa na vidole vyake vinacheza kwenye kamba. Juzi mteja aliyekuja kupunguza gauni aliliona, akalishika kitambaa, akauliza bei. Nikamwambia lina mwenyewe.